Ndege watatu wa uani kwako Tanga

Dada, umeuliza kuhusu ndege watatu wa uani kwako Tanga: mdogo mweusi anayeng'aa kwenye maua, wa njano wanaochana makuti ya mnazi, na kunguru wa aina mbili.

Huyo mdogo ni chozi. Mtazame mdomo: mwembamba, umepinda kwa chini, wa kunyonyea utamu wa maua. Anayeng'aa ni dume. Yule wa rangi iliyofifia anayefuatana naye si ndege mwingine, ni jike lake, na hapo ndipo wengi hukosea. Ua likiwa refu, chozi hulitoboa shinani.

Wa njano ni mnana. Madume huchana makuti vipande vyembamba na kusuka viota vinavyoning'inia. Tafadhali usiwakatie makuti yenye viota, mnazi hautakufa.

Kunguru, angalia shingo na kifua. Mwenye kifua cheupe ni wa asili ya Afrika. Mwenye shingo ya kijivu ni kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka, kisha akaenea pwani. Huyu hula mayai na makinda ya wenzake, na inaniuma kweli kuona viota vya chozi vikimalizwa. Funika pipa la taka, usimwachie makombo.

Ukisikia mlio mchangamfu alfajiri, tafuta ndege wa kahawia, kichwa cheusi, na njano chini ya mkia. Huyo ni shore, nina hakika unaye.