Karani wa meli aliyembana mfalme Leopold

SWALI: Kaka mhariri shikamoo. Mi ni karani bandarini hapa Kigoma, mizigo ya Kongo ndo maisha yetu. Juzi kijiweni Ujiji jamaa kasema aliyefichua unyama wa mfalme Leopold wa Ubelgiji kule Kongo alikua karani tu wa meli, hajawahi kukanyaga Kongo, na eti alifungwa kwa ajili hiyo. Kweli? Sasa alijuaje? (Karani, Kigoma)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jamaa kapatia, kasoro hapo kwenye jela. Anaitwa E. D. Morel, kazaliwa Paris 1873, akaajiriwa Liverpool na kampuni ya meli ya Elder Dempster iliyokua inabeba mizigo ya Kongo, na kwa vile Kifaransa anakijua wakawa wanamtuma Antwerp kufuatilia biashara hiyo. We utaelewa haraka kuliko wengi. Meli zikirudi zimejaa mpira na pembe za ndovu, hela ndefu, ila zikienda zimebeba bunduki na risasi, bidhaa za kubadilishana na wenyeji karibu hamna, sasa jiulize huyo anaegema mpira msituni analipwa nini? Halipwi, analazimishwa kwa mtutu. Yaani kaujua utumwa kwa kusoma makaratasi yaleyale ambayo makarani wenzake walikua wanayagonga mihuri tu.

Bosi akataka kumpa cheo mbali huko ili anyamaze, akagoma, na 1901 akaacha kazi kabisa, mtu mwenye familia, akawa mwandishi. Mi hapo ndo namheshimu sana. 1903 akaanzisha gazeti lake, West African Mail, na watu walioko Kongo wakaanza kumpa habari za ndani. Askari wa Leopold walitakiwa kila risasi waliyotumia waioneshee mkono uliokatwa, na 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja, Nsala, amekaa anaangalia mkono na mguu wa binti yake mdogo vilivyokatwa. Mwaka huohuo Morel na Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza aliyezunguka kule mwenyewe na kuandika ripoti, wakaanzisha Congo Reform Association, chama cha kudai mageuzi Kongo, mikutano ikapigwa kila kona mpaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia Kongo, iliyokua mali yake binafsi, kwa serikali ya Ubelgiji.

Ila sifa sio zake peke yake. Mbele ya tume ya kuchunguza unyama huo, chifu Lontulu aliweka vijiti 110 mezani, kila kijiti mtu wake mmoja aliyeuawa. Na sio mambo ya mbali na sisi, jeshi hilohilo la Kongo, Force Publique, ndo liliingia Kigoma 1916 na Septemba likateka Tabora.

Jela alifungwa kweli, miezi 6 mwaka 1917, ila ni kwa kutuma Uswisi maandishi yake ya kupinga Vita ya Kwanza ya Dunia. 1922 akagombea ubunge Dundee, Uskoti, akamuangusha Winston Churchill, akafariki 1924.

Na kuna doa, silifichi. 1920 aliandika dhidi ya askari weusi wa jeshi la Ufaransa waliokua Ujerumani, maneno ya kibaguzi kabisa, kama vile ubakaji ni asili ya mtu mweusi. Aliyetetea mikono ya Wakongo ndo huyohuyo aliyeandika hayo, na mimi siwezi kumsamehe hilo kwa sababu ya lile la kwanza, wala lile la kwanza siwezi kulifuta.