Utafiti wa ukatili na vyombo vya habari: ifuate habari mpaka inapotoka (niliyoyaona Mwanza)

Mdogo wangu nimekusoma. Uko masters ya sosholojia, unataka kuangalia jinsi redio na mitandao inavyoripoti ukatili dhidi ya wanawake, kwa jicho la kifeministi, yaani kuanzia upande wa mwanamke, na supavaiza kakwambia hizo ni harakati sio utafiti. Mimi nilifanya tasnifu inayokaribiana na hiyo hapa Mwanza, redio na onlaini TV za Nyamagana na Ilemela, kwa hiyo naongea niliyoyaona.

Hilo la harakati sitakaa nalo sana. Anayeichukua taarifa ya polisi kama ilivyo akaiita ukweli naye ana pa kusimama, ila hajasema. Wewe sema, kwenye sura ya mbinu andika wazi kwamba unaanzia kwa mwanamke aliyepigwa, halafu onyesha data zako hatua kwa hatua mtu aweze kukubishia. Na kama anadhani ni mambo ya kuletewa na wazungu mkumbushe TAMWA, waandishi wanawake wa nchi hii waliungana 1987 wakaanza kuuliza maswali hayo hayo, na walikuwemo kwenye kelele zilizozaa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998.

Sasa ishu yenyewe. Wengi wanakusanya vichwa vya habari, wanahesabu vingapi vinamlaumu mwanamke, vingapi vina picha ya maiti, wanafunga kazi. Hesabu hizo fanya, ila usiishie hapo, nenda mpaka habari inapotengenezwa. Mwanamke kauawa na mumewe huko Igoma au Buhongwa, kile unachosikia asubuhi kwenye daladala mara nyingi kimetoka kwa kamanda wa polisi wa mkoa akiongea na waandishi, ataulizwa chanzo, atasema wivu wa mapenzi, na mwandishi anaandika hivyo hivyo, maana waandishi wengi niliowahoji wanalipwa kwa stori, hawana ajira, hakuna anayewapa nauli ya kwenda msibani kuuliza na jioni stori inatakiwa iwe imefika. Wengine ni wanawake na hizo stori zinawaumiza kweli, mmoja alilia tukiwa tunaongea. Lakini kazi ilivyopangwa imeshaamua nani ataongea, marehemu hayupo na ndugu zake hakuna aliyewauliza.

Wewe waulize. Ndo utasikia kwamba alikuwa anapigwa miaka, alishakimbilia kwao akarudishwa kwa sababu mahari ilishaliwa, alishafika kwa mwenyekiti wa mtaa wakasuluhishwa, akaambiwa avumilie watoto ni wadogo. Yaani kuna watu kibao walijua. Habari yenyewe inaanzia kwenye panga, kabla ya hapo hakuna kitu, kama vile mwanaume kalala mzima kaamka muuaji. Mwanasosholojia wa Uingereza Liz Kelly aliliweka vizuri hili 1988, kwamba ukatili wa kingono ni mwendelezo mmoja, matusi, vitisho, kushikwashikwa, kubakwa, huwezi kukata kipande kimoja ukaelewa. Mimi niliutumia huo mwendelezo kama kipimo, kila stori najiuliza imeonyesha sehemu gani na imeacha ipi, na karibu zote ziliacha kila kitu isipokuwa mwisho.

Weka na picha pana pembeni. Utafiti uliofanyika hapa hapa Mwanza kwa wanawake wa vikundi vya mikopo, ukachapishwa 2017, asilimia 61 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza. Hao wako mwaloni wanauza dagaa, wako sokoni, redioni huwasikii mpaka mmoja wao afe.

Afu usisahau vikongwe. Huku Usukumani bibi anauawa kwa macho mekundu ambayo ni moshi wa jikoni tu wa miaka yote, habari inasema imani za kishirikina, basi. Ukikaa na familia unakuta nyuma kuna shamba, kuna urithi. Maneno hayo yanafanya kazi moja na wivu wa mapenzi, yakishatajwa hakuna anayeuliza tena. Kama muda unaruhusu ungeziweka pamoja stori za wivu na za vikongwe, mimi sikuona mtu aliyefanya hivyo vizuri.

Kitu kingine sikiliza vipindi vya kusoma magazeti asubuhi. Kifo cha mtu kinasomwa katikati ya mpira na siasa, watangazaji wanachangia, kachinjwa kisa simu, mmoja anacheka. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na katika niliyoyasikiliza yote hakuna aliyeitaja.

Kwenye maadili kuwa makini mno. Miongozo ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya 2001 kuhusu kutafiti ukatili dhidi ya wanawake ifuate, nyumba moja hoji mwanamke mmoja, nje usitangaze kuwa ni utafiti wa ukatili, sema ni wa afya na maisha ya wanawake, yeye mwenyewe mkiwa wawili mweleze wazi kabla hajakubali. Mume akiingia badilisha maswali, uwe nayo tayari. Na ujue kabisa dawati la jinsia la polisi liko wapi na nani wa kumpeleka akitaka.

Mwisho, sampuli usiichukue yote kwenye zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia Novemba 25 mpaka Desemba 10. Kipindi hicho mashirika yanalipia vipindi, redio zinaongea tofauti kabisa, utadhani tumepona. Chukua na miezi ya kawaida, Februari au Julai hivi, na rekodi mwenyewe kwa simu kila asubuhi ukiandika tarehe na saa, stesheni nilizopita mimi vipindi vya zamani hazikuwa navyo. Propozo ikishaandikwa nitumie inbox niisome.