Mihuri myekundu kwenye mchoro wa Kichina: anza na mwandiko

Mkuu, umenitumia picha na kuuliza mihuri mitatu iliyo kwenye mchoro wa kuning'iniza aliokuachia marehemu baba ni ya mchoraji gani. Nilisoma Beijing miaka minne, na jambo hili nililifuatilia kwa mapenzi makubwa.

Si kila muhuri ni wa mchoraji. Tafuta maandishi ya brashi, uyafuate juu kwenda chini, ukianzia mstari wa kulia. Kwa kawaida jina liko mwishoni, na muhuri uliogongwa chini yake ndio wa mchoraji. Ile ya pembeni mara nyingi ni ya waliowahi kuumiliki mchoro. Mfalme Qianlong wa China, aliyetawala 1735 hadi 1796, aligonga mihuri yake kwenye michoro ya watu waliokufa karne nyingi kabla hajazaliwa! Mihuri mingine haina jina kabisa, ina kauli tu aliyoipenda mwenye muhuri.

Hata muhuri wa mchoraji unaweza kukupoteza, kwa sababu wasanii hawa walikuwa na majina mengi. Chukua Qi Baishi. Jina lake ni Qi Huang. Baishi, yaani jiwe jeupe, ni la usanii. Ujanani alikuwa seremala, akawa na muhuri unaosema "mtu wa mbao". Ukitafuta Qi humo hulipati.

Tarehe nayo ina mtego. Huandikwa kwa herufi mbili za mzunguko wa miaka 60, hivyo mwaka ulioandikwa jiazi unaweza kuwa 1864, 1924 au 1984. Baishi aliandika pia umri wake, lakini mwaka 1937, akiwa na 75, alijiandikia 77 ili kukwepa balaa alilotabiriwa. Umri wowote wa baada ya hapo, punguza miwili.

Mimi nilinunua mchoro wa kamba wa majini wa Baishi kwenye soko la vitu vya kale. Jina sawa, muhuri sawa. Nilipoweka lenzi, ule wekundu ulikuwa vitone vya mashine ya kuchapa. Wino wa kweli wa muhuri ni unga wa sinabari, madini mekundu, uliokandwa na mafuta na nyuzi za mmea. Hukaa juu ya karatasi, mzito. Iliniuma sana, maana nilitumia akiba ya miezi mitatu.

Piga upya picha ya mwandiko wote wa kushoto, kwenye mwanga wa dirisha, na moja ya karibu kabisa ya muhuri ulio chini ya jina. Hizi ulizotuma zimekata sehemu ya juu ya mistari, na huenda mwaka uko huko.