Maswali na majibu: Mtoto mchanga, basi la alfajiri na wiki ya kwanza ugenini

Desemba inabisha hodi, tiketi zinakatwa, na mkoba wa maswali umefurika. Zaidi ya nusu ni swali moja lililovaa nguo tofauti: nimpe nini mtoto ili atulie? Nalianza hilo.

Nasafiri kutoka Dar kwenda Bukoba na mtoto wa miezi mitano. Nimeshauriwa nimpe Piriton alale njiani. Nusu kijiko inatosha?

Hata tone usimpe. Robo kijiko pia hapana, na ya duka la jirani ambayo "haina nguvu" pia hapana.

Dawa hizi za mzio na mafua zinaleta usingizi kwa sababu zinapunguza kasi ya ubongo, na ubongo ndio unaoendesha pumzi. Promethazini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Phenergan, hairuhusiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu imeshazuia pumzi za watoto hadi wakafa. Sasa mfikirie mtoto aliyenyweshwa dawa hiyo, amefunikwa kanga hadi kichwani, kidevu kimelala kifuani, mama naye amesinzia, basi giza. Akiacha kupumua nani atajua? Isitoshe, wapo watoto ambao dawa hiyo huwageuza: badala ya kulala wanahangaika na kulia safari nzima.

Wengine mnatumia parasetamo "kumtuliza". Parasetamo haileti usingizi. Inashusha homa na maumivu tu, na ukimpa bila sababu itakuficha homa ambayo ungeiona mapema.

Mngurumo wa injini wenyewe ni bembea. Cha kufanya ni kupunguza urefu wa safari. Dar hadi Bukoba kwa basi ni zaidi ya saa 20, na mtoto wa miezi mitano hakuomba mashindano hayo. Panda treni ya SGR hadi Dodoma, ni saa tatu na nusu hivi, kuna choo na unaweza kusimama na kutembea na mtoto. Lala Dodoma. Kesho yake basi hadi Kahama, lala tena, kisha umalizie. Gharama ya vyumba viwili vya gesti inauma, najua. Mkishindwa, basi angalau msichukue la usiku: mtoto ukimwangalia mchana unamwona rangi ya midomo, usiku humwoni.

Na akilia, alie. Abiria wote walikuwa watoto.

Siti gani ni nzuri kwa mwenye mtoto?

Katikati ya basi, kati ya tairi za mbele na za nyuma. Siti ya mwisho inarusha, ya mbele kabisa iko kwenye kioo. Kuelekea magharibi mwezi Desemba, jua liko upande wa kusini, hivyo kaa upande wa dereva upate kivuli. Juni na Julai mambo yanageuka.

Mtoto wangu wa miezi minne anatumia maziwa ya kopo. Je, niyachanganye nyumbani yote nibebe kwenye chupa?

Ukifanya hivyo unafuga bakteria ndani ya begi. Unga wa maziwa ya kopo si tasa. Unaweza kuwa na vijidudu tangu kiwandani, na maziwa yaliyochanganywa na kukaa na joto ni shamba lao.

Fanya hivi. Pima unga wa kila mlo mmoja nyumbani, uweke kwenye vikopo vidogo vikavu vyenye mfuniko, kila kimoja kipimo chake. Chemsha maji, mimina yakiwa yanatokota kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, funga mara moja. Maji yanapokutana na unga yanatakiwa yawe na joto la nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu hapo ndipo vijidudu vya kwenye unga vinakufa. Chupa nzuri ya chai inalishika joto hilo kwa saa kadhaa. Ile ya bei ya chini iliyolegea mfuniko hailishiki, kwa hiyo ijaribu siku mbili kabla. Kwenye safari ndefu, jaza upya maji yanayotokota kwenye hoteli ya njiani, na simama uone yanachemka.

Ukishachanganya, poza chupa kwa kuizamisha kwenye kikombe cha maji baridi, dondoshea kifundoni mwa mkono, mpe. Yasizidi saa mbili tangu uchanganye. Akibakiza, ndani ya saa moja tangu aanze kunywa mwaga. Najua kopo ni ghali. Kuharisha njiani ni ghali zaidi.

Kijiko ni kile cha ndani ya kopo, kisawazishwe kwa kisu, kisishindiliwe. Makopo mengi ni kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji, lakini soma lako. Mnaorefusha kopo kwa kuongeza maji, mnamshusha mtoto chumvi ya damu, na mwisho wake ni degedege. Mnaokoleza ili "ashibe alale" mnamkausha na kumfungisha choo.

Kiasi: mtoto wa kilo 6 anahitaji karibu mililita 900 kwa saa 24, yaani milo sita ya mililita 150. Kwa safari ya saa 12 atakunywa mitatu au minne. Beba sita. Basi huharibika.

Ndani ya basi kuna joto kali. Ana miezi mitatu, nimpe maji kidogo tu?

Swali hili sasa limeshachosha. Chini ya miezi sita hapewi maji, hata "kidogo tu", hata ya chupa yenye lebo nzuri. Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 85 ni maji. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mvue soksi na kofia, mpanguse kwa kitambaa kibichi.

Anayehitaji maji ni wewe. Kina mama wengi hawanywi tangu jana yake kwa kuogopa kwamba konda hatasimamisha wakitaka kuchimba dawa. Ikifika mchana kichwa kinauma, maziwa yanaonekana hayatoki, mtoto analia, na hapo ndipo mtu wa siti ya pili anasema mpe maji. Kunywa. Mwambie konda mapema, kabla gari halijaondoka, kwamba una mtoto na utaomba kusimama.

Hesabu nepi: angalau sita zilizolowa kwa saa 24. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, mdomo mkavu, utosi umebonyea, mtoto amepungukiwa maji. Utosi kubonyea si ugonjwa unaojitegemea, na hauponi kwa kupakwa dawa ya majani wala kuchanjwa. Atafutiwe hospitali ya karibu, si ya mwisho wa safari.

Mtoto wa wiki mbili anaweza kupanda ndege?

Akiwa amezaliwa kwa wakati na ni mzima, mashirika mengi hukubali baada ya siku 7, mengine 14. Soma masharti kabla ya kulipa. Mnyonyeshe ndege inapoanza kushuka, karibu nusu saa kabla ya kutua, kwa sababu masikio huuma zaidi hapo kuliko wakati wa kupaa.

Tumefika Mombasa kutoka Minneapolis na mtoto wa miezi kumi. Usiku mzima macho makavu, mchana amelala kama gogo. Bibi yake anasema amepatwa na jicho.

Amepatwa na saa. Desemba tofauti ni saa tisa: saa 3 usiku Mombasa, kwao ni saa 6 mchana. Anaamka kucheza kwa sababu mwili wake unasema ni mchana. Saa ya mwili husogea kama saa moja kwa siku, hivyo jipeni wiki moja na zaidi.

Mtoeni nje kwenye mwanga kila asubuhi, hata kibarazani. Usingizi wa mchana usizidi saa mbili kwa mkupuo, mwamsheni kwa upole. Alishwe mchana, penye mwanga na watu. Usiku akiamka, nyonyesha gizani, usiongee naye, usiwashe simu, usimpeleke sebuleni ambako wajomba bado wanapiga soga. Hapo ndipo wengi wenu mnaharibu: kila mgeni anayeingia saa 4 usiku anataka kumwona "Mmarekani". Mtoto wa chini ya miezi mitatu hupata shida hii kidogo tu, maana saa yake ya mwili bado haijakaa sawa.

Sasa nawauliza mimi ambayo hamkuuliza. Marekani chanjo ya kwanza ya surua kwa kawaida hutolewa akifikisha mwaka. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayesafiri nje ya nchi anashauriwa kupata dozi moja ya mapema. Amepata? Na kinga ya malaria je? Kuna dawa za kuzuia kwa watoto, zinapimwa kwa uzito, na nyingine huanza kabla ya safari, ndiyo maana kliniki ya wasafiri huendewa wiki nne hadi sita mapema. Damu ya Kisauni haimkingi. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Minnesota ni mgeni kwa malaria sawasawa na mtalii.

Na asali asilambishwe mpaka atimize mwaka, awe nani anayemlambisha. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga hadi ya kupumulia.

Tunahamia Njombe, mtoto ana miezi miwili. Baridi itamuua. Naweza kuweka jiko la mkaa chumbani usiku?

Kitakachomuua ni jiko. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mkaa uliokwisha kuwaka vizuri, usio na moshi, ndio unaowadanganya watu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, mnazidi kulala, hamuamki. Mtoto anapumua haraka kuliko nyinyi, anaivuta nyingi. Kuacha dirisha wazi "kidogo" hakutoshi. Kulitoa jiko mkiwa karibu kulala si kinga pia, maana hewa imeshajaa.

Mvalishe tabaka moja zaidi ya unazovaa wewe. Kofia ni ya nje na ya mchana. Akilala ndani ivue, maana kichwa ndiko anakopunguzia joto likizidi. Mguse shingo kwa nyuma kujua kama ana baridi. Mikono ya mtoto mchanga ni ya baridi hata akiwa sawa. Kitanda kipashe kwa chupa ya maji ya moto, kisha itoe kabla hujamlaza. Mlaze chali. Saa ya baridi kali zaidi, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, ukiwa macho, mjifunike pamoja.

Tulihama Arusha kwenda Geita. Siku ya tisa mtoto wa miezi saba ana homa. Wanasema ni kubadilisha maji na hali ya hewa.

Hali ya hewa haipandishi homa. Mpimeni malaria leo. Kuanzia kuumwa na mbu hadi homa ni siku saba au zaidi, mara nyingi 10 hadi 15, kwa hiyo homa ya wiki ya pili baada ya kutoka penye malaria kidogo kwenda penye nyingi ina mshukiwa wa kwanza. Kipimo cha haraka kipo hata zahanati. Msimpe dawa mseto iliyobaki ya dada yake: dozi huenda kwa uzito, na nusu dozi inashusha homa bila kumaliza vimelea.

Parasetamo ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5: mtoto wa kilo 8 apewe mililita 4 hadi 5, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Pimeni kwa bomba la sindano, vijiko vya nyumbani havilingani. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea, akipata degedege au viganja vikiwa vyeupe, msisubiri majibu ya zahanati, nendeni hospitali. Na kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, homa ya nyuzi 38 peke yake inatosha kukimbilia.

Mkirudi Arusha kwa likizo na homa ikaja huko, mwambieni daktari mmetoka Geita. Asipojua, atatafuta kifua na masikio kwanza.

Tumeshahama, kadi ya kliniki imebaki Tanga.

Itumwe leo kwa basi, na leo hii upigiwe picha kila ukurasa. Chanjo zilizochelewa huendelea pale zilipoishia, hazianzi upya, lakini bila kadi muuguzi hajui ziliishia wapi.

Ana miezi tisa. Anamlilia bibi yake kama kaona simba, na bibi ameudhika.

Ni umri. Kuanzia miezi saba au minane mtoto anatofautisha anaowajua na asiowajua, na hiyo ni dalili ya akili kukua. Asinyang'anywe mikononi mwako. Kaa naye mapajani, bibi akae karibu, aongee na wewe, asimtazame sana usoni. Amwekee kijiko au kifuniko cha sufuria mkekani. Mtoto atakisogelea mwenyewe, leo au keshokutwa.