Kabla ya kuuliza dawa, angalia sakafu ya banda

Wadogo zangu, kila msimu wa joto mnanitumia picha zilezile za kuku walionyonyoka manyoya: tetea mgongo wazi, mkia umebaki vijiti, na swali moja, "Nimpe dawa gani?" Hujasema ana umri gani, anakula nini, banda lina ukubwa gani. Chupa unaitaka leo.

1. Upara uko wapi? Mgongoni na kisogoni, hiyo ni kazi ya jogoo. Mmoja anatosha matetea wanane hadi kumi. Wewe una matetea sita na majogoo watatu, eti unawasubirisha Krismasi. Uza. Kifuani kwa anayeatamia, kajinyonyoa mwenyewe, mwache. Shingo kwanza kisha mwili, kwa kuku aliyevuka mwaka na mayai yamekata, anabadilisha manyoya. Mpe miezi miwili, mitatu, mwongezee protini, usimkimbize kwa mama ntilie. Juu ya mkia na kuzunguka kinyeo, hapo sasa wanadonoana.

2. Sakafu. Hii nililipia. Dagaa walipopanda bei niliwapunguza kwenye mchanganyo wa chakula cha kuku, nikajazia pumba na mahindi ya kuparaza, nikajiona mchumi. Mayai yakashuka kidogo, halafu viuno vikaanza kuwa wazi. Nikakimbilia duka la dawa za mifugo, muuzaji hakuniuliza hata swali moja, akanifungia OTC, ile antibiotiki ya kuchanganya na maji. Nikanywesha kundi zima, na mayai ikabidi tusile wala tusiuze kwa sababu ya dawa. Muda wote huo maranda bandani yalikuwa masafi, hakuna unyoya hata wa dawa, na mimi nikasifia usafi! Kuku anayebadilisha manyoya anayamwaga, unafagia mpaka unachoka. Viuno wazi na sakafu safi maana yake yanaliwa. Unyoya karibu wote ni protini, ile ile niliyowanyima. Ningesimama pembeni robo saa ningeona: mmoja ananyemelea nyuma ya mwenzake aliyeinamia chakula, anachomoa, anameza kama tambi, na aliyechomolewa wala hageuki.

Sikusimama. Kinyoya kinachoota kina damu kwenye shina. Kikidonolewa kinavuja, na kuku akishaonja damu haachi. Mchana mmoja nikakuta tetea wangu mtagaji kuliko wote anavutwa utumbo kupitia kinyeoni, yuko hai, amesimama, anahangaika kupata pa kujibanza. Wanaovuta ni wenzake aliokua nao tangu vifaranga. Nilimchinja palepale. Nyama yake sikuila, na nyumbani hawakuniuliza kwa nini.

Dagaa walirudi siku hiyo hiyo, na mashudu ya alizeti, na chumvi niliyokuwa naisahau kwenye mchanganyo. Kudonoana kukapungua, ila viuno vilichelewa kufunika, maana unyoya uliovunjika ukaacha kijiti hauoti upya mpaka msimu wa kubadilisha.

3. Mwenye kidonda mtenge, mpake GV, ile dawa ya vidonda, zambarau yake inaficha wekundu. Kama mchokozi ni mmoja, mtoe yeye siku chache. Akirudi anakuta cheo kina mwenyewe.

4. Kiota kiwe na giza. Akimaliza kutaga kinyeo hubaki kimechomoza, chekundu, kinang'aa. Tundika gunia mlangoni mwa kiota.

5. Nafasi: kuku watano kwa mita ya mraba, usibane zaidi. Kabichi au mchicha ning'iniza kwa kamba warukie. Majivu na mchanga wa kuogea. Usiku pita na tochi chini ya vichanja: ukiona vidudu vyekundu vinatembea kwenye nyufa, ni utitiri, na dawa ya unga hapo ndiyo ina kazi.

6. Na wewe uliyeniuliza kuhusu kukata midomo kwa wembe, rudisha wembe bafuni. Mdomo una mishipa ya fahamu. Kuku wako atakaa njaa kwa maumivu, hatataga, na dagaa bado hujanunua.