Mafunzo ya siku tatu kwa walimu wa kompyuta: jibu langu, refu kidogo

Mkuu, umeuliza hivi: umekabidhiwa walimu 18 wa kompyuta wa sekondari kwa siku tatu, maabara ina kompyuta 12, na aliyekutuma anataka wanafunzi waache kusinzia kwenye vipindi. Unaomba ratiba. Ratiba nitakupa, ila ngoja kwanza nikusimulie nilivyoboronga mafunzo yangu ya kwanza, maana ninayofanya sasa yote yalitokana na aibu ile.

Nilifundisha kompyuta miaka tisa kabla sijaanza kuwafundisha walimu wenzangu. Siku hiyo ya kwanza nilikwenda na slaidi 94. Nilizihesabu usiku wake huku najisifu. Nilipofika slaidi ya 11 umeme ukakatika, jenereta ya shule haina mafuta, na walimu wakaanza kutoa simu mmoja mmoja. Mama mmoja mtu mzima akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, kwani bila hiyo mashine huna la kusema?"

Kweli sikuwa nalo. Nikachana boksi la karatasi vipande vitano, nikavichora nukta kwa makapeni: 16, 8, 4, 2 na 1. Zoezi lenyewe, la kufundisha namba za baineri, yaani zile za kompyuta zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu, si langu. Ni la Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, ambaye yeye na wenzake walianza miaka ya 1990 kukusanya mazoezi ya kufundisha kompyuta bila kompyuta. Nilikuwa nimelisoma tu, sijawahi kulijaribu. Nikawasimamisha walimu watano mbele, kadi kubwa kushoto kwa wanaotazama, ndogo kulia. Kadi ikionekana ni 1, ikigeuzwa ni 0. Nikaita "tano!" wakatazamana, wakanong'onezana, mwenye 4 na mwenye 1 wakafunua. "Kumi na tisa!" Hapo kelele zikaanza, waliokaa wanawaelekeza waliosimama.

Kisha nikawaambia wahesabu kutoka 0 hadi 31 bila kuruka. Tulipofika kama 12 hivi, mwenye kadi ya nukta moja akalalamika: "Jamani mimi nachoka! Huyu wa kumi na sita amekaa kama mkurugenzi, anasubiri kusaini tu." Chumba kizima kikacheka, na kicheko kile ndicho kilichofundisha. Wakaona wenyewe kwamba wa moja anageuza kila hesabu, wa mbili kila baada ya hesabu mbili, wa nne kila baada ya nne, na bosi wa kumi na sita anageuza mara moja tu safari nzima. Mwalimu wa nyuma akauliza kadi ya sita ingekuwa na nukta ngapi, na kabla sijafungua mdomo akajibiwa na jirani yake: 32, na tungefika 63. Umeme uliporudi saa nane hakuna aliyeniomba niendelee na slaidi.

Kwa hiyo siku ya kwanza usiwashe projekta hata kama umeme upo.

Sasa niseme ninachoamini, wengine humu mtanipinga. Mbinu shirikishi walimu wetu wameimbiwa tangu chuoni, wanazijua kwa majina. Kinachowafanya wasome notisi kipindi kizima ni woga. Notisi haziwezi kukuumbua, ila programu inaweza kukataa mbele ya watoto 60, na pale nyuma yupo kijana wa kidato cha tatu aliyejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa YouTube, anakusubiri. Mwalimu anajificha kwenye "andikeni sehemu kuu za kompyuta". Mimi mwenyewe nilijificha humo miaka miwili. Mafunzo yasiyougusa woga huo ni chai na maandazi tu.

Siku ya pili, basi, kazi yako ni kuwazoesha kukosea mbele za watu. Usianze kwa kuwaambia waandike programu, utawaua. Wape iliyokwisha andikwa, na iwe ya kitu wanachokigusa kila siku. Mimi natumia namba ya siri ya pesa za simu:

siri = "4821"
majaribio = 0
while majaribio < 3:
    jibu = input("Weka namba ya siri: ")
    if jibu == siri:
        print("Karibu")
        break
    majaribio = majaribio + 1

Kabla hawajagusa kibodi, kila mmoja anaandika kwenye karatasi anachodhani kitatokea. Halafu wanaiendesha. Halafu nawauliza: tukifuta mstari wa mwisho je? Wanabishana kwanza, ndipo tunaufuta, na mashine inabaki kuuliza namba ya siri bila kikomo. Mwalimu mmoja akasema, "Hapo wezi watajipigia hadi waipate." Nimefundisha lupu, yaani amri zinazojirudia, kwa ubao miaka mingi, sijawahi kupata maelezo mafupi kama hayo. Mpangilio huu wa kutabiri, kuendesha, kuchunguza, kubadilisha na mwisho kuunda ya kwako umetoka kwa Sue Sentance, mtafiti wa ufundishaji wa kompyuta wa Uingereza. Faida yake kwa mwalimu mwoga ni kwamba kutabiri vibaya ni sehemu ya mchezo, si aibu.

Kompyuta 12 kwa watu 18 zinatosha, na shuleni kwao zitakuwa 12 kwa watoto 60, kwa hiyo usiwaruhusu kukaa mmojammoja. Mimi nawaita dereva na konda. Dereva pekee ndiye anayeshika kibodi, konda haruhusiwi kugusa usukani ila ndiye anayesema njia. Baada ya dakika kumi wanabadilishana. Simamia hili kwa ukali, kwa sababu mwalimu anayejua atageuka dereva wa kudumu na mwenzake atakuwa abiria. Huko shuleni kwao, wanafunzi wanaosubiri kompyuta wapewe programu ileile imekatwa vipande vya karatasi, mstari mmoja kila kipande, imevurugwa, waipange. Zoezi hilo watafiti Dale Parsons na Patricia Haden waliandika kulihusu mwaka 2006, na halihitaji umeme.

Siku ya tatu leta wanafunzi wa kweli. Darasa moja, walimu wanafundisha wawili wawili dakika ishirini, wengine wanakaa nyuma na kuandika jambo moja tu: ni dakika ya ngapi mtoto wa kwanza alianza kuongea. Usiwape fomu ya kurasa nne za tathmini. Ukishawasomea zile dakika, hakuna haja ya hotuba.

Mambo madogo yatakayokusumbua. Posho na nauli zitangazwe asubuhi ya siku ya kwanza, la sivyo kila mapumziko ni kikao cha posho. Utaambiwa pia "hii haitoki kwenye mitihani ya NECTA". Usibishane, wape mitihani iliyopita na kalamu nyekundu, watafute wenyewe swali ambalo zoezi la jana linalibeba. Na lugha: mtihani ni wa Kiingereza, sawa, ila waache wabishane kwa Kiswahili kwanza, neno la mtihani liandikwe ubaoni wakishaelewa. Nimewahi kukaguliwa na kukemewa kwa hilo. Bado nafanya.

Baada ya mafunzo, kundi la WhatsApp litakufa. Langu la kwanza wiki ya tatu lilikuwa picha za maua na "asubuhi njema". Kilichosaidia ni kuwafunga wawili wawili wa shule jirani, kila mmoja anakwenda kuona kipindi cha mwenzake mara moja kabla ya muhula kwisha, na wanakijadili kwenye jumuiya za ujifunzaji za MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) ambazo shule zinazo tayari. Yule mama wa "huna la kusema" alinialika kwake. Alikuta programu imegoma mbele ya kidato cha pili, akavua miwani, akawaambia, "Haya, makonda wangu, nimepotea njia, nipeni maelekezo." Nusu ya darasa ilisimama.

Kadi za nukta na vile vipande vya programu ninazo kwenye faili moja tayari kwa kuchapa. Ni-PM, ila chapa nakala mbili za kila kimoja, walimu huondoka nazo.