Kocha mkuu kabadilika: nitajuaje timu ya chuo itafika wapi?

SWALI: Mwanangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Houston na ni mrushaji wa besiboli, anatumia mkono wa kushoto. Vyuo viwili vinamtaka, na vyote vimebadilisha kocha mkuu. Cha kwanza kimempandisha msaidizi wa kocha aliyestaafu. Kocha wa warushaji amebaki, ila warushaji watatu walioanza mechi nyingi mwaka jana wameondoka. Cha pili kimemleta kocha mwenye jina, aliyeshinda sana alikotoka, naye amekuja na wasaidizi wake wote pamoja na wachezaji kumi na watano wa kuhamia. Mume wangu na jamaa zetu wote wanasema cha pili. Mimi nilicheza netiboli Morogoro, besiboli nimeijulia ukubwani. Nipime vipi? – Mama wa mrushaji

JIBU: Dada, umefunga maswali mawili kwenye fundo moja. Timu itashinda? Na mwanao atacheza? Kwa vyuo hivi viwili majibu yake yanapishana kabisa, kwa hiyo tuyafungue moja moja. Nianze na timu.

Watu huanza kwa kuuliza kama kocha katoka ndani au nje. Kipimo hicho hakikupi kitu. Juni 2024 Texas A&M timu ya chuo kikuu, walifika fainali ya taifa ya vyuo kule Omaha, wakapoteza mchezo wa tatu kwa Tennessee 6-5. Kesho yake tu kocha wao, Jim Schlossnagle, akatangazwa kocha wa Chuo Kikuu cha Texas, mahasimu wao wa jadi. Kwa sisi wa Bongo, ni kama kocha wa Simba kulala Msimbazi na kuamkia Jangwani. A&M wakamkabidhi timu Michael Earley, aliyekuwa anafundisha wapigaji, na kabla ya msimu wa 2025 wakapangwa namba moja nchini. Walishinda mechi 30, wakapoteza 26, na kwenye mashindano ya taifa ya timu 64 hawakuitwa kabisa.

Mwaka huohuo Coastal Carolina, chuo cha mji mdogo wa Conway, nao walipandisha mtu wa ndani. Gary Gilmore alistaafu baada ya misimu 29, akampisha Kevin Schnall, ambaye ujanani alikuwa mdakaji wa timu hiyohiyo. Walishinda mechi 56 na kufika fainali, ambako LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, waliwafunga michezo miwili mfululizo. Uteuzi wa aina moja, mwaka mmoja, na matokeo yaliyo mbali kama Moshi na Mtwara.

Mimi jicho langu la kwanza huwa kwa kocha wa warushaji. Kwenye besiboli mrushaji ndiye anayeuanza kila mpira, na kazi yake inarekebishika: namna ya kushika mpira, aina ya mpira wa kutumia, pembe ya mkono. Kocha mzuri anaweza kumbadilisha kijana kwa miezi sita. Mwaka 2022 Wes Johnson aliacha timu ya kulipwa, Minnesota Twins, katikati ya msimu, akaenda kuwafundisha warushaji wa LSU. Msimu uliofuata Paul Skenes, aliyehamia hapo kutoka Air Force, chuo cha jeshi la anga, aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki tatu (mipira mitatu mizuri waliyoikosa au kuiacha), na LSU wakawa mabingwa wa 2023. Johnson akaondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa Georgia. Mwaka 2024 LSU, kocha mkuu akiwa yuleyule, walitolewa hatua ya kwanza ya mtoano, huku Georgia wakiwa wenyeji wa hatua ya pili. Sisemi ni yeye peke yake, maana Skenes naye alikuwa keshaondoka. Lakini ningekuwa natafuta chuo cha mwanangu, jina la msaidizi huyo ningelisoma kabla ya la bosi wake.

Rudi kwa A&M ulione hilo. Schlossnagle alipoondoka alimchukua Max Weiner, kocha wa warushaji. Shane Sdao, mrushaji wao wa mkono wa kushoto, aliumia kiwiko na kuukosa msimu mzima wa 2025. Waliopanga namba moja walitazama wapigaji waliobaki, hasa Jace LaViolette, aliyekuwa amepiga homurani 29 mwaka uliotangulia, yaani mipira ya kuvuka uzio. Akapiga 18. Hapo ndipo nami nakiri mipaka ya kazi yangu: kocha mkuu mpya alikuwa ndiye mwalimu wa wapigaji hao siku zote, kila mtu aliona upande huo uko salama, na ukayumba. Kumbe hata palipo imara panaweza kutitia.

Sasa chukua karatasi. Fungua ukurasa wa takwimu za mwaka jana wa kila chuo, utafute jedwali la warushaji. Mchezo una zamu tisa, zile wanazoita innings, na msimu wa kawaida una mechi 56, kwa hiyo jumla ya zamu ambazo warushaji wa timu hurusha huwa karibu na 500. Piga mstari juu ya kila aliyehitimu, aliyehama au aliyechukuliwa na timu za kulipwa. Jumlisha zamu za waliobaki. Tuseme umepata 190 kati ya 500: hiyo ni asilimia 38, maana yake kocha ana zamu 310 za kujaza na watu ambao hajawaona kwenye mechi akiwa na jezi hiyo. Kisha, kwa waliobaki, linganisha idadi ya wapigaji waliowatoa kwa straiki tatu na waliowapa besi ya bure, yaani waliotembea hadi besi ya kwanza kwa sababu mrushaji alirusha mipira minne mibaya. Akiwatoa watatu kwa kila mmoja anayempa bure, huyo ni mtu. Akiwa anawatoa karibu sawa na anaowapa bure, usidanganywe na ushindi alioandikiwa, wenzake walimbeba.

Hesabu nyingine fupi ni ya mikimbio, yaani pointi za besiboli. Kizidishe kila kiasi chenyewe kwa chenyewe. Timu iliyofunga mikimbio 380 na kufungwa 300 inakupa 144,400 na 90,000. Gawanya ile ya kwanza kwa jumla ya zote mbili, unapata kama 0.616, na katika mechi 56 hiyo ni ushindi 34 au 35. Kama walishinda 29 tu, kocha aliyeondoka alikuwa na timu nzuri kuliko ilivyoonekana, na huyu mpya atasifiwa mwakani kwa kazi ambayo hakuifanya. Nimeona sana hiyo. Kinyume chake pia kipo, na hapo ndipo makocha wapya wasio na kosa hufukuzwa.

Kwa vigezo hivyo jamaa zenu hawajakosea sana kuhusu timu. Chuo cha pili kina nafasi nzuri ya kushinda zaidi msimu ujao, maana wachezaji kumi na watano waliokomaa si mchezo, na kocha amekuja na mfumo wake mzima. Cha kwanza, kikiwa kimepoteza warushaji watatu wa mwanzo, huenda kikateseka, hasa wikiendi, Ijumaa hadi Jumapili, wanapokutana na timu za ligi yao.

Ila mwanao ni swali lingine. Zile zamu zilizoachwa wazi, zinazokitia hofu chuo cha kwanza, ndizo nafasi yake. Atamkuta kocha wa warushaji aliyemfuatilia yeye mwenyewe na anayejua alichokipenda kwake. Kwenye chuo cha pili atakuwa mtoto wa miaka 18 nyuma ya watu wa miaka 22, na aliyetaka kumsajili pengine hayupo tena. Tena tangu msimu wa 2025-26, vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya wa malipo ya wanamichezo vina ukomo wa wachezaji 34. Zamani mgao wa kila timu ulikuwa ufadhili kamili 11.7 uliokatwakatwa vipande, na kikosi kiliweza kufika 40. Leo kocha anayeleta kumi na watano lazima awatoe wengine, na mara nyingi anaanza na wale ambao hakuwachagua yeye.

Mimi ningeegemea cha kwanza, kwa sharti kwamba kocha wa warushaji anabaki kweli. Mpigie simu yeye mwenyewe, si kocha mkuu. Muulize mkataba wake unaisha lini, ana warushaji wangapi wa mkono wa kushoto, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyerusha zamu nyingi mwaka jana alirusha ngapi. La mwisho lihakikishe kwenye jedwali, kwani liko wazi. Na omba ofa ya ufadhili kwa maandishi, ieleze ni ya mwaka mmoja au zaidi, maana ile barua ya kitaifa ya kujifunga na chuo ilifutwa Oktoba 2024.

Kama majibu yatakuwa ya kuzungukazunguka, mnaishi Houston, na San Jacinto hawako mbali. Ni chuo cha miaka miwili ambako Andy Pettitte na Roger Clemens, warushaji waliokuja kuwa maarufu kwenye ligi ya kulipwa, walipita. Mwanao atarusha sana, na baada ya hapo atahama akiwa na takwimu zake mkononi.

Ukishapata majedwali ya vyuo vyote viwili, nitumie. Nataka hasa kuona besi za bure za wale waliobaki kwenye chuo cha kwanza.